Halidi na Chumba cha Kompyuta Zilizokufa

Mara ya kwanza Halidi Mloka kuingia dukani kwangu, pale Sabasaba mjini Morogoro, alikuwa na mkungu wa ndizi mzuzu begani na hakutaka kununua kitu kinachofanya kazi. Alizipita kompyuta zote nzima, zile nilizozipanga mbele na kuzifuta vumbi, akaenda moja kwa moja hadi kona ya nyuma nilikorundika zilizoshindikana.

"Hizi vipi?" akauliza.

"Hizo zimekufa, kaka yangu."

"Zimekufa kwa nini?"

Nimeuza kompyuta za mtumba miaka mingi na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huuliza bei, kisha huuliza kama hiyo ndiyo bei ya mwisho. Nikamwambia hii iliuawa na radi, ile na maji, na ile ya chini iliangushwa na mhasibu aliyekuwa anahamishwa kituo. Akachagua ya radi. Mimi nikachukua mkungu, na ndizi zilikuwa nzuri.

Biashara yetu ikaanza hivyo na sasa ina miaka kumi na moja. Nanunua kompyuta kwa mafungu kwenye minada ya maofisi, nauza zinazowaka, na zisizowaka zinapanda mlimani hadi Kinole, kwa Halidi. Usafiri hausumbui. Fuso la ndizi likishuka limejaa, likipanda kupitia Bigwa na Kiroka linapanda tupu, na dereva wake ni mtu wa kuelewana naye. Halidi hunilipa kwa alichonacho: ndizi, mdalasini, pilipili manga. Msimu wa mafenesi nampigia simu kumwomba asinilipe.

Usije ukamhurumia bure. Sijawahi kumwambia mashine iliyokufa ni nzima.

Halidi ni mkulima wa miaka hamsini na miwili. Hajasomea ufundi popote. Alifungua redio ya baba yake akiwa mtoto ili amwone mtangazaji, akamkosa, na nadhani mpaka leo bado anamtafuta. Pale kijijini watu humpelekea vitu vyao, naye huvitengeneza kweli, ila vikirudi vinarudi na masharti. Simu ya jirani yake ilipona, lakini tangu siku hiyo ukimpigia inawaka tochi badala ya kuita, kwa hiyo mchana hapatikani. Printa ya shule ilipona, lakini haichapi mpaka uweke jiwe juu yake, na si jiwe lolote. Lipo jiwe lenyewe, na wakati wa likizo mwalimu mkuu hulifungia kabatini. Televisheni ya muuza chai ilipona ikapoteza rangi ya kijani peke yake, hivyo watu wa Kinole hutazama mpira unaochezwa kwenye uwanja wa zambarau. Walipolalamika, Halidi aliwauliza, "Mnataka mpira au mnataka majani?"

Kompyuta lakini zilimshinda. Kufikia mwaka huu alikuwa nazo thelathini na nne kwenye chumba cha nyuma, zimelazwa kwenye chaga kama wagonjwa wa wodi moja, kila moja na namba ya chaki ubavuni. Alikuwa na daftari la historia zao. "Namba 17. Radi. Haisemi." "Namba 22. Chai ya maziwa. Inanuka." Katika miaka kumi na moja hakuna hata moja iliyowahi kuonyesha kitu kwenye kioo.

Nyumba yenyewe si ya Halidi, ni ya kwao Maimuna, mkewe. Huku Uluguru ardhi inafuata ukoo wa mama. Mwanamume anaweza kukaa mahali miaka thelathini, akapanda migomba, akajenga choo cha tofali, na bado akabaki mgeni aliyekaribishwa vizuri. Mwenye sauti ni kaka wa mke. Kaka wa Maimuna ni Mzee Said, mtu mrefu, mkimya, anayekitazama kitu muda mrefu kabla ya kukitukana.

Mwaka huu tangawizi ilikubali. Mzee Said akapata magunia mengi kuliko mahali pa kuyaweka. Akazunguka nyumba ya dada yake, akafungua mlango wa chumba cha nyuma, akasimama hapo mpaka kuku walioingia kumfuata wakatoka wenyewe. Kisha akaitisha kikao.

Ilikuwa Jumapili, nami nilikuwa pale kufuata mdalasini wangu. Nikajikuta kikaoni kabla sijamaliza chai.

"Shikamoo, Mzee Said."

"Marahaba, Mama Neema. Wewe ndiye unayezileta hizi?"

"Ndiyo. Anaziomba mwenyewe."

"Na akikuomba nyoka utamletea?"

"Nitamuuliza kwanza wa aina gani."

Hakucheka. Alisema Jumamosi, saa tatu asubuhi, kenta ya mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Dumila itapita Kinole. Atapima, atapakia, na tangawizi itaingia ndani.

"Shemeji," akasema Halidi, "zinakaribia kupona."

"Miaka kumi na moja zinakaribia."

"Moja ina hali nzuri. Jana imepuliza feni."

"Imepuliza vumbi kwenye mboga yangu!" Maimuna alipaza sauti kutoka jikoni. "Mimi sijasema zitoke, Baba Mwaisha. Nasema nimechoka kukaa na wagonjwa ambao hawafi wala hawaponi."

Nilimwangalia Halidi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amekaa kama mtu aliyeambiwa wanawe watauzwa kwa kilo. Mimi si mtu wa machozi, ila nina macho: chumba kile kikijazwa tangawizi, nani atanitolea mizigo yangu ya nyuma ya duka? Nikaomba neno.

"Mzee Said, mpe mpaka hiyo Jumamosi. Ikipona moja mbele yako, chumba kibaki chake. Isipopona, mimi mwenyewe nitashika upande wa pili kupakia."

Mzee Said akafikiri. "Kupona ndiyo nini?"

"Iwake."

"Hata tochi inawaka."

"Iwake na ikae imewaka."

"Mpaka lini?"

Tukavutana hapo kwa kitambo. Yeye alitaka toka asubuhi mpaka adhuhuri, mimi nikataka dakika tano, tukakutana kwenye birika la Maimuna: liwekwe motoni na maji ya baridi, na mashine isizime mpaka yachemke.

"Na ifanye kazi," akaongeza. "Kitu kinachokaa tu bila kazi tayari ninacho. Ninaye shemeji."

Halidi mwenyewe alicheka. Mimi sikucheka, maana kwenye mapatano neno lililolegea ndilo linalokutafuna baadaye. "Kazi ipi?"

"Yenye faida kwa nyumba hii. Na niione kwa macho yangu, bila kuelezewa."

Nikayaandika yote kwenye karatasi ya daftari. Mzee Said akasaini, Halidi akasaini, na Maimuna, aliyekuwa anakanda chapati, akaweka kidole gumba chenye unga.

Wiki ile Halidi hakwenda shamba. Aliichagua namba 29, boksi nene la kijivu, akaifungua mpaka ikabaki mifupa. Bodi yake aliisugua kwa mswaki na spiriti, kisha akaianika juu ya jiko, kwenye chaga ya mdalasini, kwa sababu ndipo mahali pakavu kuliko pote pale nyumbani. Feni aliitoa kwa namba 9. Kisanduku cha umeme alikitoa kwa namba 31. Kitufe cha kuwashia kilikuwa kimepotea, akafunga swichi ya kengele ya mlangoni. Pale penye pesti ya kupooza joto alipaka dawa ya meno. Ikipata moto, mashine ile inanuka mdalasini na meno safi.

Jumatano akanipigia.

"Dada, nimeishia mahali. Inataka ramu."

Ramu ni kibao chembamba cha kumbukumbu, urefu wa kiganja, na bila hicho kompyuta haiwezi kufikiri hata kidogo. Na hapa niseme ukweli. Ramu nilikuwa nazitoa mwenyewe kabla ya kupakia. Zote thelathini na nne. Ramu nzima inauzika mjini, na sijaona maiti akizikwa na saa yake mkononi.

"Kaka Halidi," nikasema, "miaka yote hii hujaona kwamba pale mahali pake ni patupu?"

"Nimeona. Nilidhani ndivyo zinavyokuja. Nikawa natafuta namna ziishi bila."

Kisha nikaenda kutafuta kwenye droo. Kwa aina ile ya zamani ilibaki moja tu, na Ijumaa asubuhi nikapanda nayo kwenye Fuso.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha shule, taratibu, akaipuliza, akailaza kwenye kitambaa cheupe juu ya meza. Nikamwambia aichomeke tuone. Akatazama saa.

"Nitoke kwanza swala ya Ijumaa. Kitu kama hiki hakitaki haraka."

Nilikubali. Nilipaswa kuichomeka mwenyewe, lakini Maimuna alikuwa ameleta wali.

Tulikuwa tunakula tuliposikia kilio njiani.

"Wafiwa! Hodi wafiwa! Mbona mnakula?"

Alikuwa Pili. Pili ni mama wa miaka sitini na kitu, muuza ndizi gulioni, na ukoo wake na ukoo wa Halidi ni watani. Hapa mlimani utani hauko kwa makabila tu, koo na koo nazo zina watani wao, na msibani mtani ndiye bwana. Atalala kitandani kwa marehemu, atachukua sufuria, atamtukana maiti mpaka wajukuu wazibe masikio, na mtu haruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mkosaji, na utatozwa. Alichochukua mtani hukipokonyi. Unakikomboa, kwa masharti yake.

Pili alikuwa amesikia kwamba Jumamosi kenta inakuja kuwachukua wafu wa Halidi. Kwa hesabu yake huo ulikuwa msiba wa watu thelathini na wanne, na alikuwa amechelewa. Alijipaka majivu usoni, akaweka ungo kichwani, akaja na wenzake wawili wa kuitikia kilio. Akaingia chumba cha nyuma, akatoka ameibeba ramu juu ya kile kitambaa cheupe.

"Mmeshamvika na sanda! Na mtani sijaambiwa!" Akaifungia ramu kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo, akaketi mkekani kwetu na kumega wali.

Halidi aliporudi msikitini alimkuta pale, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Pili, nirudishie kile. Hujui ni nini."

"Najua. Ni mdogo wako, mnafanana. Hata yeye hana kazi."

"Pili..."

"Nyamaza, maiti yangu. Subiri zamu yako, nitakulilia vizuri kuliko huyu."

Halidi akacheka, maana ilimpasa kucheka. Meno yote yalikuwa nje na macho yake yamebaki pale pale kwenye fundo la kanga.

Nikaona zamu yangu imefika. Mimi nimeshusha bei kwa watu waliozaliwa dukani. Nikaketi karibu naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umefiwa?"

"Nimekuja kukomboa. Chukua kuku."

"Ninao."

"Kuku na sukari."

"Sukari daktari amenikataza. Unataka nife? Halidi, mwone huyu, anataka kukupunguzia watani."

"Kanga mpya, doti nzima, nachagua mimi dukani leo hii."

"Doti ya msiba nimeivaa."

Nikaongeza, naye kila nikiongeza akatukana zaidi: duka langu, viatu vyangu, Fuso lililonileta. Mwishowe nikaelewa ugumu uko wapi. Muuzaji hakutaka chochote nilichokuwa nacho. Alitaka mazishi. Msiba mkubwa namna ile, na usio na mtu wa kuumia kweli, haujawahi kutokea Kinole, na yeye asingeuachia kwa doti ya kanga.

"Fundo nitalifungua tukishazika," akasema. "Na jogoo wangu wa ada pembeni."

"Mnazika lini?"

"Kesho, saa nne."

"Kenta inakuja saa tatu!"

"Basi tutamsindikiza ndani ya kenta."

Niliwapigia simu mafundi watatu mjini. Ramu ya aina ile hakuna aliyekuwa nayo, na mmoja aliniuliza kama nimefungua makumbusho. Nilirudi kwa Halidi nikamwambia ukweli: nimeshindwa. Alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza, anavuta nyaya.

"Bila ramu itawaka," akasema. "Haitaonyesha kitu kiooni, ila itawaka na itakaa. Yale mawili ya kwanza kwenye karatasi tunayo."

"Na kazi?"

"Sijui kazi. Lakini mashine ikikosa kitu huwa inalia kukieleza. Sasa kispika chake kimeliwa na panya. Angalau kesho nimsikie anasema nini kabla hawajamchukua."

Akaunganisha waya wa kile kispika kwenye amplifaya ya zamani ya harusini, na amplifaya kwenye spika ya bomba, ile ya kufungwa juu ya magari ya matangazo. Hakuwa na spika nyingine. Kabla hajajaribu, mvua ikashuka na umeme ukakatika mpaka asubuhi.

Jumamosi saa mbili na nusu uwanja ulikuwa umejaa. Mzee Said alikuwa kwenye kiti na karatasi mkononi. Mnunuzi wa Dumila alishaning'iniza mizani kwenye mti wa fenesi. Pili na wenzake, sasa wanane, walikuwa mkekani na majivu mapya, wanaimba kwamba marehemu hakuwa na mtoto wala hakuacha shamba. Meza ilikuwa barazani, namba 29 juu yake, na ile spika imefungwa kwenye boriti, mdomo umeelekea migombani. Maimuna akatenga birika motoni.

"Washa," akasema Mzee Said.

Halidi akabonyeza kengele ya mlango. Feni ikazunguka. Taa ya kijani ikawaka. Harufu ya mdalasini ikatoka. Kwa muda wa pumzi moja hata Pili aliacha kuimba.

Kisha ikalia.

Sijui niulinganishe na nini mlio ule. Ulikuwa mmoja, mrefu, mwembamba mwanzoni na mnene mwishoni, tiiiiii, ukakatika, ukaanza tena, tiiiiii, na mlima wa pili ukaujibu kabla haujaisha. Mbuzi walikata kamba. Mnunuzi wa Dumila alijificha nyuma ya mizani, ambayo haimfichi mtu. Na kutoka kwenye migomba ya Mzee Said, ile ya bondeni ambayo kila mwaka anaipanda na kila mwaka wanamlia, wakatoka ngedere. Nilihesabu tisa. Walitoka kama wapangaji waliofukuzwa, mmoja na ndizi mdomoni, mmoja na mtoto mgongoni, wakavuka uwanja katikati ya waombolezaji, wakakwea mfenesi, wakaruka kwenye msitu, wakaenda. Yule mwenye ndizi aliitupa ili akimbie vizuri.

Tiiiiii.

Mzee Said alikuwa amesimama. Aliwatazama mpaka wa mwisho alipopotea.

"Zima," akasema.

Nilimshika Halidi mkono. "Usizime! Birika halijachemka." Nisingekubali ashindwe kwa kosa dogo namna hiyo. Tukasimama wote, mikono masikioni, tukilitazama birika. Halijawahi kuchelewa vile. Lilipoanza kutikisa kifuniko, Maimuna akainua mkono, na Halidi akazima. Ukimya ulipokuja ulikuwa mzito kiasi kwamba watu waliendelea kupiga kelele ndani yake.

Wa kwanza kusema sawasawa alikuwa Pili, na alikuwa na hasira, hasira ya kweli, kitu ambacho mtani haruhusiwi.

"Halidi! Huyu anajililia mwenyewe!"

"Ndiyo. Anasema hana ramu."

"Mimi sizikagi anayelia! Umenipaka majivu siku mbili bure! Wenzangu wametoka Tandai kwa miguu!" Akafungua fundo, akamtupia ramu kifuani. "Chukua takataka yako. Na jogoo namchukua, huo ni usumbufu, si ada." Akamchukua, pale pale, na jogoo mwenyewe kwa kuchanganyikiwa na ule mlio hakukataa.

Halidi aliidaka ramu. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha namna ile. Akaifuta kwa shati, akaiinamia mashine, akaitafuta nafasi yake kwa vidole. Hapo mkono wa Mzee Said ukatua juu ya mkono wake.

"Unafanya nini?"

"Naitengeneza, shemeji. Sasa itapona kabisa."

"Ikipona kabisa italia?"

Halidi hajui kudanganya. Ni kasoro yake kubwa. "Hapana. Italia tu ikiikosa hii."

"Basi iache iikose."

"Shemeji, sasa hivi ni mbovu. Ukiniachia nusu saa itakuwa kompyuta."

"Sina haja na kompyuta. Nina haja na hii."

Nikachukua karatasi na kuisoma kwa sauti, nisije nikaipoteza nafasi ile. Imewaka. Imekaa mpaka maji yamechemka. Imefanya kazi yenye faida kwa nyumba, na wewe Mzee Said umeiona kwa macho yako. Kuna mtu amekuelezea?

"Hakuna aliyenielezea," akakubali.

"Basi chumba ni cha Halidi."

Akaitazama spika muda mrefu, nikadhani anatafuta tusi. "Chumba ni chake," akasema, "maadamu mashine inalia. Siku ikinyamaza, kenta ya Dumila haiko mbali. Andika na hilo."

Niliandika. Nilikuwa nimechoka, na ukweli ni kwamba hata mimi ningedai hivyo hivyo. Tangawizi aliihamishia kwa binamu yake. Mnunuzi wa Dumila aliondoka na kitanda kimoja kibovu, na akanunua ile ndizi ya ngedere.

Tangu hapo namba 29 inakaa kwenye kibanda cha makuti ukingoni mwa migomba, inalia toka alfajiri mpaka magharibi. Wazee wa msikiti walikuja kulalamika, kwa hiyo Halidi aliifungia saa ya kuizima wakati wa swala. Ngedere wakajifunza. Sasa wanashuka adhuhuri na alasiri, wanakula haraka haraka, na imamu akitoa salamu tu wanarudi msituni. Mzee Said anasema hao wa saa za swala anawavumilia, kwa sababu zamani walikuwa wanakula hata wakati wa khutba bila aibu.

Watu wengine wa bondeni nao wakataka. Halidi amekwisha kuwatengenezea saba, kama kutengeneza ndilo neno. Mtu mmoja wa Tandai alimletea kompyuta ya mwanawe, nzima kabisa, inayocheza mpaka sinema, akamwomba aiharibu vizuri ilie. Halidi alikaa nayo siku mbili hawezi kuigusa. Ilibidi nimtolee ramu mimi. Nikaondoka nayo, maana ramu ya mashine hiyo ilikuwa kubwa na ina bei. Mimi biashara yangu imenyooka: mashine isiyo na ramu sasa ndiyo inayotakiwa mlimani, na ramu inatakiwa mjini, na katikati yao ni Fuso linalopanda tupu.

Mwezi uliopita nilipanda kufuata pilipili manga. Mzee Said alikuwa amesafiri, amekwenda Mikese kwa mpwa wake Mwaisha aliyejifungua. Halidi akanipeleka kwenye kibanda. Alikuwa amebeba kioo kidogo cha kompyuta ndani ya gunia. Akaichomoa mashine, ikanyamaza. Akatoa mfukoni kitambaa, na ndani ya kitambaa ile ramu aliyotupiwa na Pili. Akaichomeka. Ikaingia na kutoa mlio mdogo, tak, pande zote mbili. Akawasha.

Haikulia. Kioo kikaanza kuandika maandishi meupe, mstari kwa mstari, Halidi akisoma kila mstari kwa midomo ingawa ilikuwa inapita haraka kuliko mtu anavyoweza kusoma. Kisha ikatokea picha. Kilima cha majani, mbingu ya buluu, mawingu kidogo.

Alikaa juu ya ndoo akakitazama kile kilima, mgongo wake ukiwa umeielekea Uluguru yote.

"Hawana hata mgomba," akasema baadaye.

"Ni picha tu."

"Najua. Lakini sehemu kubwa namna ile, hawakupanda kitu." Akasogeza kipanya, mshale ukasogea. Akausogeza tena. Miaka kumi na moja, na mashine thelathini na nne, na mshale ulikuwa unakwenda anakotaka yeye. "Dada, ona. Inanisikiliza."

Nilikuwa nahesabu ramu ngapi nimetoa kwa mikono yangu, na nikaacha. Migomba nyuma yetu ilitikisika, jani moja, kisha jingine, na si saa ya swala.

"Baba Mwaisha!" Sauti ya Maimuna ilishuka kutoka jikoni, kali, yenye hofu. "Baba Mwaisha we! Mbona imenyamaza? Umeiharibu?"

Halidi akautazama mshale mara moja zaidi. Kisha akazima, akapitisha vidole ndani, akaichomoa ramu.

"Subiri kidogo, mama!" akaitikia. "Naitengeneza!"